Kazi Isiyo na Ujira

Watu wengi husema ya kuwa kazi ni ile impayo mtu chakula chake, na kila jambo lisilompa chakula ni mchezo, na mchezo ni wa watoto. Wazee wetu nao walinena, "Kazi mbaya siyo mchezo mwema," maana yake, kazi hata ikiwa mbaya yashinda mchezo hata ukiwa mzuri. Nami nalilishika neno hilo miaka mingi bila kulichungua, hata siku moja darasani nikaulizwa swali, nikalijibu upesi, na jibu langu likanirudia.

Nalikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu habari za nguvu ya mvuke. Nikawaonyesha picha iliyomo kitabuni, picha ya mzee mmoja wa Uingereza mwenye mvi, amekaa juu ya kigari kidogo, na magoti yake yamepanda karibu na kidevu. Mbele yake palikuwa na injini ya gari la moshi, kamili kwa kila kitu, dohani yake, magurudumu yake na vyuma vyake vya kusukumia, ila kimo chake hakikufika gotini mwa mtu. Nyuma yake walikaa watoto watano wamefuatana. Nikawaambia ya kuwa watu wa namna hii huziunda injini zao kwa mikono yao wenyewe, jioni baada ya kazi, kwa muda wa miaka.

Mvulana mmoja wa mstari wa nyuma akasimama akasema, "Mwalimu, naye akiisha kuiunda, huiuza?"

Nikasema, "La, haiuzi."

"Basi faida yake nini?"

Nikacheka, nikamjibu, "Haina faida, mwanangu. Ni mchezo wa watu wenye wakati wa kupoteza."

Darasa zima likacheka pamoja nami, ila yeye hakucheka. Nilipopita karibu naye nikaona anasukuma kitu kwa mguu chini ya dawati, apate kukificha. Kilikuwa ni lori alilolitengeneza kwa waya na bati la kopo, lenye usukani ugeuzao magurudumu ya mbele kweli kweli. Hapo nikafahamu ya kuwa nalimjibu jambo jingine, silo aliloliuliza. Yeye hakuuliza habari za mzee wa Uingereza; aliuliza habari zake mwenyewe. Basi maneno haya niyaandikayo ni jibu la pili, baada ya kufikiri.

Kwanza yafaa tukijue kitu chenyewe. Injini hizi si sanamu. Sanamu ya injini huweza kuchongwa kwa mti, ikapakwa rangi, ikawekwa juu ya kabati, wala hakuna atakayeidai kitu. Hizi nizisemazo hutiwa maji na makaa ya mawe, huwashwa moto, na mvuke wake husukuma pistoni sawasawa na injini kubwa. Reli kubwa za Uingereza zina upana wa futi 4 na inchi 8½. Waundaji wa injini ndogo wana vipimo vyao, na vijulikanavyo sana ni reli za upana wa inchi 3½, inchi 5 na inchi 7¼. Injini ya inchi 3½ ni sehemu moja katika 16 za injini kubwa, hata gurudumu lenye kimo cha futi 6 huwa na inchi 4½ tu. Mtu huanza na michoro na vipande vya chuma. Hukereza magurudumu, hutoboa silinda, hupiga tupa, hukunja mabamba ya shaba nyekundu yawe boila, akayaunga kwa lehemu yenye fedha. Wako wamalizao kwa miaka miwili, wako wamalizao kwa miaka kumi, na wako wafao kabla ya kuuona moto wa kwanza.

Wala si watu wachache. Mwaka 1898 Percival Marshall alianzisha katika mji wa London gazeti la mafundi wa namna hii, na mwaka ule ule wakaunda chama chao. Tangu hapo vyama vimeenea katika miji mingi ya Uingereza na nchi nyingine, na vingi vina reli yao kiwanjani, ambapo siku za mapumziko watoto wa mji hupandishwa.

Sasa turudi kwenye swali: faida yake nini?

Liko jibu moja lililo rahisi, nami nalilifikiri kwanza. Twaweza kusema ya kuwa mambo makubwa yalianzia katika vitu vidogo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 na 1764, Chuo Kikuu cha Glasgow kilikuwa na mfano mdogo wa injini ya Newcomen, ile iliyotumika kuvutia maji migodini. Mfano ule haukufanya kazi vema, nao akapewa fundi wa vyombo aliyeitwa James Watt autengeneze. Watt akauona unakwenda mara chache tu, kisha mvuke umekwisha, ijapokuwa boila yake ilionekana yatosha. Akachungua sababu, akaona ya kuwa silinda hupozwa kwa maji kila mara, kisha hutiwa moto tena, na joto lapotea bure. Mwaka 1765 akapata shauri la kuupozea mvuke katika chombo cha pembeni, silinda yenyewe ibaki na moto wakati wote. Kwa shauri hilo injini za mvuke zikaacha kula makaa mengi kama zamani, zikaingia viwandani ulimwenguni. Chanzo chake ni kijifano kibovu kilicholetwa mezani kutengenezwa.

Habari hii ni ya kweli, na ni nzuri kuwasimulia watoto. Lakini haitoshi kuwa jibu. Kwa kila Watt mmoja wako maelfu ya watu ambao injini zao ndogo hazikuzaa uvumbuzi wo wote. Tena reli za serikali ya Uingereza ziliacha kutumia injini za mvuke katika safari zake za kawaida mwaka 1968. Mtu akaaye karakanani leo, akiunda injini ya mvuke, aunda chombo ambacho zamani zake zimepita, wala hatazamii kuufundisha ulimwengu jambo jipya. Tukimtetea kwa faida, tutakuwa tumemtetea kwa uwongo. Wala yule mvulana hatavumbua lori. Lori limekwisha vumbuliwa. Hatuna budi kutafuta jibu jingine.

Jibu hilo nimelikuta katika hesabu. Watu hudhani ya kuwa kitu kidogo ni kitu kikubwa kilichopunguzwa tu, kama picha ndogo ilivyo mfano wa picha kubwa. Mwundaji wa injini hujifunza mapema kuwa sivyo. Ukipunguza urefu wa kitu uwe sehemu moja katika 16, basi eneo lake la nje hupungua likawa sehemu moja katika 256, na ujazo wake ukawa sehemu moja katika 4,096. Mtoto wa shule aweza kuifanya hesabu hiyo: 16 mara 16, kisha mara 16 tena. Injini ya tani 100 ikipunguzwa hivyo huwa na uzito wa kilo 24 au 25, mtu huichukua mikononi. Lakini ngozi yake, ikilinganishwa na vitu vilivyomo ndani, imekuwa kubwa mara 16, na joto hutokea kwenye ngozi. Ndiyo sababu chai ya kikombe hupoa upesi kuliko maji ya sufuria, na mtoto mchanga huhitaji kufunikwa kuliko baba yake.

Tena maji hayakubali kupunguzwa, wala moto, wala majivu. Mabomba yapitishayo moto ndani ya boila kubwa yakiwa na upana wa inchi 2, ukiyapunguza kwa haki yatakuwa na upana wa sehemu ya nane ya inchi. Nayo yatazibwa na majivu mara moja, na moto utakufa. Kwa hiyo fundi huweka mabomba machache, kila moja pana kuliko impasavyo mwiga sura. Ili injini ndogo ifanane na kubwa katika kazi, haina budi kutofautiana nayo katika viungo vya ndani. Mwenye kunakili tu hushindwa. Mwenye kufahamu kwa nini kila kiungo kimewekwa pale kilipo, huyo hufaulu. Sisi walimu twalijua jambo hili vema, maana kila siku twasahihisha madaftari ya watoto walionakili hesabu ya jirani, sura yake sawa na jibu si lake.

Jambo hili liliwahi kuleta ubishi mkubwa. Baada ya vita kuu ya kwanza, wako waliosema ya kuwa injini iliyo ndogo sana haiwezi kufanya kazi ya kweli kwa moto wa makaa, yatosha kuwashwa spiriti na kuvuta vibehewa vya kuchezea. Alikuwako mtu mmoja, Lawrence, aliyewahi kufanya kazi ya reli, ambaye katika lile gazeti la Marshall hakutia jina lake, bali herufi nne tu, LBSC, ndizo herufi za kampuni ya reli aliyoitumikia zamani. Yeye alisema yawezekana. Mwaka 1924 injini yake iitwayo Ayesha, ya reli ya upana wa inchi 2½ tu, iliyochoma makaa, ikapelekwa mbele ya watu, ikavuta mtu mzima. Hakuna aliyeuliza Lawrence ana cheo gani, wala amesoma wapi. Mzigo ulikwenda. Tena hakuishika siri yake mkononi. Kwa miaka mingi aliandika hatua kwa hatua jinsi ya kuunda injini za namna hii, akiwafikiria watu wenye vyombo vichache na fedha haba.

Basi hapa naona tofauti ya mchezo na upuuzi. Upuuzi ni ule ambao mtu aweza kujidanganya ndani yake siku zote asipatikane na kosa. Lakini mtu hawezi kuidanganya injini. Pistoni ikilegea, mvuke utapita. Tundu likipinda, gurudumu litakwama. Hakuna msimamizi atakayemkaripia, wala mshahara utakaokatwa. Ziko sheria tu za moto na maji, nazo hazimpendelei mtu. Wengi wetu katika kazi zetu za ujira twapata njia ya kuficha makosa. Mwalimu aweza kuingia darasani asiyejitayarisha, akaandika ubaoni maneno mengi, mwisho wa mwezi akapokea fedha yake sawa na mwenziwe. Nimefanya hivyo, sikatai. Huyo mzee aliyenichekesha hana ujira wala mkaguzi, hata hivyo akiona ufa wa unywele katika boila yake, huivunja kazi ya miezi akaanza upya.

Wala haivunji kwa ajili ya nafsi yake tu. Nimesema ya kuwa nyuma yake katika picha walikaa watoto watano. Boila ndogo hushika mvuke wenye kani ya ratili 80 hata 100 katika kila inchi ya mraba, na mvuke ule ukitoka mahali pasipopasa huunguza nyama ya mtu mara moja. Kwa hiyo vyama vya Uingereza vimejiwekea sheria. Boila mpya hujazwa maji baridi, kisha maji yakasukumwa ndani hata kani ifike mara mbili ya ile itakayotumika kazini. Hutumia maji kwa sababu maji hayashindiliki kama mvuke. Boila ikipasuka hutoa maji tu, wala haimdhuru mtu. Baada ya hapo hupimwa tena na tena kwa nyakati zilizowekwa, hata kama mwenye injini ni fundi stadi, hata kama ni rafiki wa mpimaji. Mpimaji naye ni mwanachama kama wao, na mara nyingi hapokei kitu. Fikirini basi, ndugu zangu: watu waliokutana kwa ajili ya mchezo wamekubali wenyewe kuwekewa sheria iliyo kali, kwa ajili ya watoto wa watu wasiowajua.

Na sheria hiyo si ya bure. Walt Disney, yule Mmarekani mashuhuri kwa picha zake za sinema, alikuwa na reli ya upana wa inchi 7¼ nyumbani kwake katika California tangu mwaka 1950, naye alifanya kazi kwa mikono yake katika kuiunda injini yake, akaiita kwa jina la mkewe. Mwaka 1953 mgeni mmoja aliyepewa kuiendesha aliingia katika kona kwa mbio kupita kiasi, injini ikapinduka, na mtoto mdogo akaungua kwa mvuke uliotoka. Disney akaifunga reli ile, injini ikawekwa ghalani. Alikuwa na fedha za kutosha kutengeneza kila kilichovunjika. Lakini naona alifahamu ya kuwa mchezo ukiisha kumwumiza mtoto wa watu, mwenye mchezo hawezi tena kusema, "Nalikuwa nikicheza tu."

Huenda msomaji akanijibu, akasema: "Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini ni maneno ya watu walioshiba. Mwenye mashine ya kukerezea na mabamba ya shaba aweza kucheza. Sisi tuna karo, tuna wagonjwa, tuna mvua zisizonyesha." Sitaipuuza hoja hii, maana ina haki ndani yake. Mtu ajifungiaye karakanani na huku paa la nyumba lavuja na mkewe hana wa kumsaidia, huyo ameugeuza mchezo kuwa mungu wa kinyago. Fedha ya shaba ikitoka katika fedha ya dawa, injini ile ni wizi, hata ikikimbia vizuri namna gani. Mchezo mwema hukaa katika nafasi iliyobaki baada ya wajibu, wala hauli wajibu. Huo ndio mpaka wake, na katika mpaka huo neno la wazee wetu lasimama.

Lakini hoja ile yasema pia ya kuwa maskini hana ruhusa ya kufanya jambo kwa kulipenda tu, na hilo silikubali. Lori la yule mvulana halikugharimu hata senti moja. Waya aliuokota, na kopo lilitupwa jaani. Alichokitia ni wakati wake, na macho yake, na kuanza tena kila lilipovunjika. Tena neno letu lenyewe la shule latushuhudia. Shule ilitujia kutoka kwa Wadachi, na skuli, kama wasemavyo Unguja, ilitoka kwa Waingereza. Lakini mataifa hayo yote mawili yalilipokea neno hilo kutoka kwa Wayunani wa kale, ambao kwao maana yake ya kwanza ilikuwa ni wakati wa nafasi, wakati ambao mtu hasukumwi na kazi ya tumbo. Wayunani waliona ya kuwa katika wakati huo ndipo mtu hujifunza jambo kwa ajili ya jambo lenyewe. Sisi tumelichukua jina, tukaisahau maana yake. Mtoto akiuliza swali, twamwuliza kama litakuja katika mtihani. Akiunda kitu, twamwuliza kitamfaa nini. Mwisho hujifunza kutuficha yale ayapendayo, kama alivyonificha mimi lori lake.

Basi naamini ya kuwa mchezo wa mtu mzima, na wa mtoto vile vile, haupimwi kwa fedha iletwayo nao. Tuuliza mambo mawili. La kwanza, je, mchezo huu wamlazimisha mtu kusema kweli, au wampa nafasi ya kujidanganya? La pili, je, wamfundisha kumwangalia yule akaaye nyuma yake, au wamsahaulisha? Mchezo upitao katika mizani hizo mbili si mchezo ule walioukataza wazee. Na kazi ya ujira isiyopita katika mizani hizo, ijapokuwa yatupa chakula, yatupasa kuitazama upya.

Juma lililofuata nalimwomba mvulana yule alete lori lake mezani kwangu, mbele ya darasa lile lile lililocheka. Akasita, kisha akalileta. Nikamwuliza amefanyaje hata magurudumu ya mbele yakageuka. Akasema ya kuwa waya mmoja ulikuwa ukipinda kila aushikapo usukani, akajaribu mnene, ukawa mgumu kukunjwa. Mwisho akasokota nyembamba mbili pamoja, ukashika. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha. Akasema, "Hakuna, Mwalimu. Ulikuwa ukikataa tu, hata ukakubali."

Nikamwambia mbele ya wenziwe ya kuwa jibu langu la juma lililopita lilikuwa si sawa, nami namwomba radhi. Hakujibu neno, akalichukua lori lake. Siku hiyo hakuliweka chini ya dawati, aliliweka juu.